SOMO: Kuingia na gita lako la besi kwenye bendi mpya ya kanisani

Bwana asifiwe wapendwa. Kila wiki napata ujumbe uleule: nimehamia Dodoma, nina besi yangu niipendayo, kanisa jipya limenipokea, nianzeje na bendi? Jibu lote naliweka hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili.

1. Omba nyimbo mapema, pamoja na funguo zake (do ya kila wimbo iko nota gani).

2. Tyuni nyumbani, kisha tena ukifika: E, A, D, G.

3. Chomeka waya wakati sauti ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) iko chini kabisa. Besi isiyotumia betri ipitishe kwenye boksi la DI, kisanduku kinacholinganisha sauti ya besi na mikisa. Mwombe fundi mitambo.

4. Elewana na mpiga kinanda. Hapa ndipo bendi nyingi huharibikia. Kanisa ambalo halikuwa na besi, mkono wa kushoto wa kinanda ndio uliofanya kazi hiyo. Ukiingia wewe naye akaendelea vilevile, mnagongana huko chini na waumini wanasikia mvumo tu. Usimrekebishe mbele ya kwaya. Mfuate pembeni, mwombe apandishe mkono huo oktavu moja. Kama anatumia mdundo wa kinanda, azime besi ya humo, ngoma zibaki.

ONYO: usifuate vidole vyake! Wengi hupiga kwa C kisha wanabonyeza transpozi, kitufe cha kuhamisha ufunguo. Macho yanaona C, masikio yanapata Eb (E flati). Uliza, "Do iko wapi?" Mwalimu wa kwaya aliyezoea solfa atakujibu palepale. Do ikiwa Eb, fa ni Ab na so ni Bb. Besi ya nyuzi nne inaishia E kwa chini, kwa hiyo Eb ichukue freti (kichuma cha shingoni) ya 6 ya uzi wa A.

ONYO la pili: mchungaji akianzisha pambio kwa sauti yake, ufunguo unahama bila taarifa. Nyamaza, itafute do taratibu, ndipo uingie. Kimya chako hakimsumbui mtu. Nota ya ufunguo mwingine inavuruga ibada.

5. Sikiliza ngoma ya mguu, ufunge nota zako nayo.

6. Shusha sauti kabla ya kuchomoa waya.

MASWALI

— Mkuu, nimechomeka moja kwa moja kwenye mikisa, sauti ni nyembamba. Tatizo nini?
Rudi hatua ya 3, boksi la DI.

— Kwa nini nimbembeleze mpiga kinanda? Huku chini ni kwa besi.
Sijasema umbembeleze, nimesema muelewane. Amelibeba kanisa hilo kabla hujafika. Mheshimu.

— Shalom kaka. Sisi tuko Chamwino, tunaimba za Kigogo na akina mama wanapiga muheme, ngoma zetu za Kigogo. Besi ikae wapi?
Asante sana dada, swali zuri. Zoezi la kwanza usipige, kaa karibu na akina mama usikie ngoma kubwa inaangukia wapi. Kisha weka nota chache, ndefu, pale ngoma inapoacha nafasi. Usilazimishe do-fa-so, sauti za Kigogo zina mpangilio wake, na nota moja ya kushikilia mara nyingi inatosha. Tafuta rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, sikiliza zeze (la nyuzi) na ilimba (ya vidole gumba) zinavyoachiana nafasi.

— Nimeshuka na besi kwa treni kutoka Dar. Sasa nyuzi zinakwaruza freti za mwanzo. Ni joto?
Ni ukavu. Dar ina unyevu wa bahari. Hapa kiangazi mbao hukauka na shingo hunyooka kupita kiasi. Bonyeza uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati. Pawe na nafasi ndogo, kama unene wa kadi. Kama haipo, legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, kinyume cha saa, usubiri hadi kesho ndipo upime tena.

— Nikizungusha kikawa kigumu je?
Acha. Mpelekee fundi wa magita. Chuma hicho kikikatika, shingo imekwisha.

— Na vumbi la hapa?
Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba kila ukimaliza, na besi ilale kwenye mfuko wake.