Somo: kutoa sevo (kimota kinachosogeza vipande vya bawa) iliyogandishwa kwa gundi kwenye bawa la glaida ya rimoti, bila kupasua ngozi ya bawa

Wakuu, hii naulizwa sana. Sevo imekufa au gia zimelika, na aliyejenga bawa kaimwagia gundi utadhani haitobadilishwa milele. Sevo ihesabu ya kutupwa, bawa ndo mali.

1. Chomoa betri, toa kifuniko, fungua kile kichuma chembamba kinachounga sevo na eleroni au flapu (vile vipande vinavyocheza nyuma ya bawa), piga picha mkono wa sevo ulivyokaa.

2. Jua gundi ni ipi. Ikibonyea kwa ukucha ni gundi ya moto, hiyo iko sana kwenye ndege za povu, dondoshea alkoholi ya isopropili pembeni, subiri dakika kadhaa itabanduka. Ikiwa ngumu kabisa ni epoksi (gundi ya kuchanganya ya chupa mbili), hapo alkoholi haisaidii.

3. Epoksi sasa. Laza bawa kwenye taulo nene, kata masikio ya sevo (vile vibawa vya pembeni vyenye matundu ya skrubu), pitisha wembe mwembamba kuizunguka. USIIVUTE JUU. Imeshikana na ngozi ya upande wa pili, na hiyo ngozi ya faiba (kitambaa cha nyuzi kilichokaushwa na epoksi) mara nyingi haifiki hata milimita 1, ukivuta inakuja na ngozi yake. Isukume pembeni, mbele, nyuma, taratibu, na bisibisi usiiegemeze kwenye ngozi, mpaka usikie "tak", hapo upande mmoja umeachia.

4. Ikigoma, draya ya nywele, elekeza kwenye sevo tu. Epoksi nyingi za kukaukia joto la kawaida zinaanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, lakini na bawa lenyewe ni epoksi hiyohiyo, kwa hiyo kidole kikishindwa kukaa, zima.

5. Kwangua mabaki, usifike kwenye faiba. Sevo mpya izungushie maskingi tepu kwanza ndo uipake gundi, siku nyingine unakata tepu tu.

MASWALI

– Mkuu, asetoni je?
Achana nayo, epoksi iliyokauka itakusumbua tu, ila rangi na povu jeupe la ndani vinaliwa fasta.

– Yangu inacheza ila haitoki.
Chini bado imeshika. Pitisha mshipi wa kuvulia uliosukwa, shika ncha mbili, sugua huku na huku.

– Waya wa umeme wa sevo nikate?
Kata karibu na sevo, ule wa bawani uache mrefu, utauunga au utavutia mpya.

– Nje pametokea alama nyeupe, bawa limekufa?
Hapana, ila faiba imeumia. Bandika kipande cha faiba nyepesi kwa ndani na epoksi, kikauke ndo urudishe sevo.