Useremala wa Nyumbani Mjini Moshi: Kazi Huanza na Ubao Mkavu

Mtu anayefanya useremala kwa kuupenda tu, jioni baada ya kazi au siku za Jumamosi, kwa kawaida hana karakana ya kuitwa karakana. Ana kibaraza cha nyuma, au nusu ya banda la gari, au stoo iliyokuwa ikihifadhi mahindi. Matatizo yake hujirudia: meza inapasuka katikati, droo inakwama masika, ubao unateleza unaporandwa, na vumbi linaingia hadi jikoni. Wengi hudhani dawa yake ni kununua mashine. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza na muda wa kwanza viende kwenye mbao zenyewe, kwa sababu hakuna mashine itakayoiokoa meza iliyotengenezwa kwa ubao mbichi.

Sisi wa Moshi na Arusha tumebahatika kuwa karibu na mbao. Grevilea hutoka kwenye vihamba vya mlimani, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ambako hupandwa pamoja na kahawa na migomba. Saiprasi na paini hutoka kwenye mashamba ya miti ya West Kilimanjaro, Rongai na Meru, na paini nyingine huletwa kutoka Sao Hill, Mufindi. Mninga na mkongo hutoka mbali zaidi na bei yake huonyesha hivyo. Mninga ni ubao mtulivu usiosinyaa sana, lakini anayejifunza asianze nao. Grevilea inatosha kabisa, na ikipasuliwa kwa kufuata mstari unaotoka kwenye kiini hadi kwenye gome, uso wake huonyesha madoa yanayong'aa ambayo hata mninga hauna.

Ugumu wa grevilea ni kwamba mara nyingi hupasuliwa kwa msumeno wa mnyororo hapo hapo kihambani na kuuzwa ingali mbichi. Ubao unaoambiwa ni wa inchi mbili unaweza kuwa na inchi mbili kamili upande mmoja na pungufu upande wa pili, kwa hiyo nunua mnene kuliko unavyohitaji ili ubaki na nafasi ya kuranda. Unyanyue usawa wa jicho, uutazame kwa urefu wake kama umepinda au umejisokota. Kagua ncha zote mbili, kwa kuwa nyufa huanzia huko. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mpya mweupe, bungua bado yumo ndani; usiupeleke ubao huo nyumbani ukauchanganya na mingine. Ubao uliobeba kiini cha mti katikati yake nao uachwe, kwani karibu kila mara hupasuka unapokauka. Na dai risiti, kwa sababu mazao ya misitu husafirishwa kwa vibali na hutapenda kusimamishwa barabarani bila karatasi.

Ukishafikisha mbao nyumbani, zipange chini ya paa, mahali penye upepo na pasipopigwa na jua la moja kwa moja. Weka matofali chini ili zisiguse sakafu, kisha kati ya ubao na ubao weka fito kavu zenye unene wa inchi moja, kila baada ya sentimita 50 hivi. Jambo linalosahaulika ni kwamba fito hizo lazima zikae juu kwa juu katika mstari mmoja wima, la sivyo uzito wa mbao za juu utazipinda za chini. Paka ncha za mbao rangi ya mafuta iliyobaki, ili maji yasitoke haraka mno kupitia huko na kuleta nyufa, na juu kabisa weka mawe au matofali. Kanuni ya zamani husema mbao ngumu ihesabiwe mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Nyumba iliyo chini mjini, penye joto na upepo wa Januari na Februari, huweza kukausha upesi kuliko iliyo juu mlimani Kibosho au Marangu, ambako ukungu hushuka mara kwa mara.

Badala ya kukisia, tumia mizani ya kidijitali ya jikoni. Kata kipande kidogo kutoka ndani ya ubao, si kwenye ncha, kipime, uandike uzito na tarehe kwa penseli juu yake, kisha kirudishe ndani ya rundo la mbao. Kipime kila wiki. Uzito utashuka haraka mwanzoni, halafu polepole, na utakapotulia kwa wiki tatu mfululizo, ujue kipande kimelingana na hewa ya hapo kwako. Kwa kuwa kipande kidogo hutangulia kukauka, ziongezee mbao zenyewe muda zaidi. Anayetaka uhakika akate kipande kipya kutoka katikati ya ubao, akipime, kisha akikaushe kwenye oveni ya umeme kwenye nyuzijoto kidogo juu ya 100, akikiangalia muda wote, hadi kisipungue tena. Kama kilikuwa gramu 448 na kimebaki gramu 400, maji yaliyotoka ni gramu 48, na 48 ukigawanya kwa 400 unapata asilimia 12. Ubao wa kiwango hicho unafaa kwa samani za ndani.

Hata ukiwa mkavu, ubao hautulii moja kwa moja. Masika hutanuka na kiangazi husinyaa, na mwendo huo huwa kwenye upana; urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Hapa ndipo meza nyingi za mwanzo huharibika, kwa sababu uso wake umegundishwa na kupigiliwa misumari kwenye fremu pande zote, na unapotaka kusinyaa hauna pa kwenda ila kupasuka. Uso wenye upana wa sentimita 80 uachiwe uhuru wa milimita kadhaa. Funga skrubu za katikati kwenye matundu ya kawaida, lakini zile za kando zipitie matundu marefu yanayoelekea upande wa upana, zikiwa na washa (kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu), bila gundi. Droo nayo, kama unaitengeneza kiangazi, iachie mwanya wa milimita mbili au tatu. Unayoitengeneza katikati ya masika inaweza kubanwa zaidi.

Benchi la kazi ni la kutengeneza mwenyewe, na katika nafasi ndogo liwe zito kuliko kuwa kubwa. Simama wima, mikono ikining'inia: uso wa benchi ufike kwenye kifundo cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono. Miguu ya paini ya inchi nne kwa nne, rafu chini iliyojazwa matofali, na skrubu za kulishikiza ukutani huondoa kuyumba. Lielekeze kwenye mlango au dirisha, ili ubao mrefu upate kutokeza nje unapokatwa. Kama jiriwa, yaani kifaa cha kubania ubao kwenye benchi, bado halijanunuliwa, funga kipande cha ubao mwembamba kwenye ncha ya benchi kama kizuizi, na upande wa pili ubane kwa kabari.

Randa butu huchosha mkono na kuchana uso wa ubao. Bandika msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1200 juu ya kipande cha kioo kinene. Nyoosha kwanza mgongo wa bapa, yaani chuma cha randa kinachokata, kisha ulinoe kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 mpaka kidole, kikipitishwa kwa uangalifu mgongoni kuelekea nje, kihisi ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Uondoe kwenye msasa laini. Jaribio ni kukata ncha ya kipande cha paini: bapa kali huacha uso unaong'aa, butu huacha uso mweupe uliokwaruzika. Ukiranda na nyuzi za mbao zikanyanyuka, geuza ubao urande kutoka upande wa pili.

Kuhusu mashine, moja ya wati 1,800 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 8, kwa hiyo waya mwembamba wa kurefushia haufai, na uliozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote kabla ya kuwasha. Umeme ukiwa hafifu na mota ikaanza kunguruma bila kasi, zima.

Vumbi nalo si la kupuuzwa. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Piga msasa nje, upepo ukitoka nyuma yako, ukivaa barakoa inayobana usoni, na nyunyiza maji kabla ya kufagia. Maranda safi wape kuku walalie, isipokuwa yale ya mbao zilizotiwa dawa.

Vanishi ipakwe asubuhi, kabla upepo haujaanza kupeperusha vumbi. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyopakia usivifinye na kuvitupa kwenye kona ya stoo, kwa kuwa hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto. Vitandaze kimoja kimoja nje juu ya saruji hadi vikauke vikakamae, ndipo uvitupe.