Namna ya Kufuatilia Kesi Katika Mahakama za Shirikisho za Marekani

Unaposoma kwamba mahakama ya Marekani imezuia agizo la Rais, uliza kwanza ni mahakama ipi, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha amri hiyo inamgusa nani na ni nani anayeweza kuitengua.

Anza kwa kutenganisha mifumo miwili. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina mahakama zake, na huko ndiko kesi nyingi za talaka, mirathi, wizi na ajali zinakoanzia na kumalizikia. Mahakama za shirikisho husikiliza mashauri yanayohusu Katiba ya Marekani, sheria zilizotungwa na Kongresi au mikataba ya kimataifa, yale ambayo serikali ya shirikisho yenyewe ni mhusika, na ugomvi wa raia wa majimbo tofauti unaozidi dola 75,000.

Kisha tambua ngazi za mahakama za shirikisho. Mahakama za wilaya ni 94, na ni humo ambamo mashahidi huhojiwa na ushahidi hupimwa. Juu yake zipo mahakama 13 za rufaa, ambazo kwa kawaida huketi na majaji watatu wanaochunguza kama sheria ilitumika ipasavyo, bila kuwaita mashahidi upya. Uamuzi wa mahakama ya rufaa ya eneo fulani huzifunga mahakama za wilaya za eneo hilo tu, na ndiyo sababu sheria moja inaweza kutafsiriwa kwa namna moja California na kwa namna nyingine Texas. Tofauti ya aina hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoishawishi Mahakama ya Juu, yenye majaji tisa tangu 1869, kuipokea kesi. Inatosha majaji wanne wakubali kuisikiliza, lakini kati ya maelfu ya maombi ya kila mwaka, yanayosikilizwa kikamilifu hayafiki 100.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani wanapaswa kuelewa vizuri kwamba mahakama za uhamiaji hazimo katika ngazi hizo. Ziko chini ya Wizara ya Sheria, na majaji wake hawana ulinzi wa kushika kazi maisha yao yote kama walio nao majaji wa shirikisho. Aliyeshindwa hukata rufaa kwanza kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, na akishindwa tena ana siku 30 tu za kupeleka ombi kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho. Muda huo ukipita, mlango huo hufungwa hata kama hoja zake zilikuwa na nguvu.

Mamlaka ya majaji kubatilisha sheria inayopingana na Katiba hayakuandikwa waziwazi katika Katiba yenyewe; yalithibitishwa mwaka 1803 katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison. William Marbury aliteuliwa kuwa hakimu wa amani siku za mwisho za Rais John Adams, hati yake ikatiwa saini na mhuri, lakini haikumfikia, na serikali mpya ya Thomas Jefferson ikakataa kumpa. Alikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu akitegemea sheria ya mwaka 1789. Jaji Mkuu John Marshall alikubali kwamba Marbury alistahili hati hiyo, lakini akaamua kwamba kifungu cha sheria hiyo kilichoipa mahakama uwezo wa kuanza kusikiliza ombi la aina hiyo kilivuka mipaka ya Katiba, hivyo ni batili. Kwa maoni yangu nguvu ya hukumu hiyo imo hapo hapo: mahakama ilijipatia mamlaka makubwa kwa kukataa mamlaka madogo.

Hata hivyo, majaji hawaikagui sheria kwa hiari yao. Msomaji aliyezoea Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo inaruhusu mtu kushtaki kwa maslahi ya umma, akumbuke kwamba mahakama ya shirikisho humtaka mlalamikaji aonyeshe madhara halisi yaliyompata au yanayomkabili, yaliyosababishwa na mlalamikiwa, na ambayo hukumu inaweza kuyarekebisha. Kesi nyingi hufa hapa kabla Katiba haijajadiliwa.

Mwisho, angalia aina ya amri. Tarehe 3 Februari 2017 Jaji James Robart wa Seattle alisimamisha kwa muda agizo la Rais Donald Trump la kuwazuia raia wa nchi saba, Somalia ikiwemo, kuingia Marekani. Siku sita baadaye mahakama ya rufaa ikakataa kuiondoa amri yake. Agizo likabadilishwa, na tarehe 26 Juni 2018 Mahakama ya Juu ikaliruhusu toleo la tatu kwa kura 5 dhidi ya 4. Aliyeichukulia amri ya muda kama hukumu ya mwisho alipotoka. Tangu Juni 2025, Mahakama ya Juu ilipobana uwezo wa majaji wa wilaya kutoa mazuio ya nchi nzima, ni lazima pia usome amri inawalinda akina nani. Ukifika mwisho wa hukumu, tafuta kama uamuzi wa chini umethibitishwa, umetenguliwa au shauri limerudishwa. Likirudishwa, kesi bado inaendelea.