Kutafuna kwa meno ya vipandikizi: nguvu hurudi kabla ya hisia

Jino la asili halijagandamana na mfupa. Limezungukwa na utando mwembamba wenye mishipa ya fahamu: ukiuma, jino huzama kidogo na misuli ya taya hupata habari kwamba ipunguze nguvu. Kipandikizi, yaani nguzo ndogo ya metali ya titani inayopandikizwa kwenye taya badala ya mzizi wa jino, hakina utando huo, kwa kuwa titani imeshikana na mfupa moja kwa moja. Ndiyo maana mwenye vipandikizi huweza kuuma kwa nguvu, lakini huchelewa kutambua kwamba ameuma kitu kigumu. Ukilielewa hili, mengine yote yatakuelea.

Kabla mfupa haujashika

Ili mfupa ushikane na kipandikizi, kwa kawaida taya la chini huhitaji takriban miezi 2 hadi 3, na la juu miezi 3 hadi 6 kwa sababu mfupa wake ni laini zaidi. Daktari wako ndiye wa kupanga. Ukipewa jino la muda siku ile ile ya kupandikizwa, lichukulie kuwa la sura tu, usilitafunie. Kipandikizi kikichezacheza kwa zaidi ya kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mwendo ambao wewe mwenyewe huwezi kuuhisi, panapotakiwa mfupa huota tishu laini, na hapo hakishiki tena.

Siku ya kufungwa taji

Taji ni jino la bandia linalofungwa juu ya kipandikizi. Kama liko kati ya meno ya asili, mwombe daktari alipime kwa karatasi nyembamba ya metali, ile ya unene wa mikromita 8 hadi 12. Ukiuma polepole, karatasi iteleze juu ya taji huku meno ya jirani yakiishika. Ukikaza, ishikwe kote. Meno ya jirani huzama ukiuma. Kipandikizi karibu hakizami. Taji likigusa mapema, litabeba mzigo wote peke yake. Ganzi ikiisha na ukahisi jino moja linayatangulia mengine, rudi likapunguzwe. Usingoje ulizoee.

Wiki za kwanza

Taji au meno yakishafungwa, anza na vyakula laini kama yai la kuchemsha, ndizi mbivu na viazi vilivyoiva. Wiki inayofuata ongeza samaki na mboga za kuchemsha, kisha nyama laini, na mwisho karoti mbichi au karanga. Kata vipande vidogo, utafune polepole. Mwenye meno bandia ya kuvua yanayoshikwa na vipandikizi aweke chakula pande zote mbili kwa pamoja na aepuke kung'ata kwa meno ya mbele, maana hapo bamba huinuka nyuma.

Kujua kama unaendelea vizuri, tafuna kipande cha karoti mbichi cha sentimita 1 mara 20, utemee kwenye chujio la chai, kisha usuuze. Tazama vipande vikubwa vilivyobaki. Rudia baada ya mwezi kwa kipande cha ukubwa ule ule. Vikiwa vidogo zaidi, kutafuna kunaimarika. Vikibaki vilevile, au upande mmoja haushiki kazi, muulize daktari jinsi meno yanavyokutana.

Tarajia kinachowezekana. Anayevaa meno bandia ya kawaida mdomo mzima huwa na kama robo tu ya nguvu ya mwenye meno yake, pengine pungufu. Vipandikizi 2 kwenye taya la chini huongeza nguvu hiyo sana, mara nyingi karibu maradufu, ila bado haifiki ile ya meno ya asili. Daraja lisilovuliwa, yaani meno ya bandia yaliyounganishwa na kufungwa juu ya vipandikizi, huipandisha zaidi.

Yanayoharibika

Skrubu inayoshika taji kwenye kipandikizi kulegea hutokea sana. Taji hucheza kidogo, hulia "tik" ukiuma, au hutoa ladha mbaya. Acha kutafunia upande huo siku hiyo hiyo. Skrubu iliyolegea hukunjwa kila ukiuma hadi ikatike ndani ya kipandikizi, na kukitoa kipande hicho ni kazi ngumu. Usiikaze mwenyewe: daktari hutumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu, na kila mfumo una kiwango chake.

Meno ya kuvua yakianza kuinuka wakati wa kula, mara nyingi vipete vya nailoni vinavyoyashika kwenye vipandikizi vimechakaa. Kuvibadilisha ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo usiyafunike matatizo hayo kwa gundi. Daraja likipita kipandikizi cha mwisho kwenda nyuma, sehemu hiyo ni wenzo, huzidisha mzigo ukiumia hapo. Vitu vigumu tafunia mbele yake.

Fizi zinazotoa damu au usaha kando ya kipandikizi zinahitaji kuonwa haraka hata kama haziumi, kwa sababu mfupa unaweza kuwa unaliwa kimyakimya.

Anayesaga meno usingizini apate kinga ngumu ya usiku, iliyotengenezwa kwa umbo la meno yake. Aende nayo kila anapokaguliwa: mikwaruzo yake humwonyesha daktari ni wapi mzigo unaangukia.