Tecumseh mwezi wa Novemba ukiwa na mbwa: majani juu, barafu chini

Aliyepanda milima ya White Mountains huko New Hampshire, Marekani, mwezi wa Oktoba, majani yakiwa mekundu, hudhani Novemba atakuta njia ile ile. Hataikuta. Majani yameanguka na kufunika kila kitu: mawe, mashimo, mizizi na barafu. Mbwa hutangulia mbio juu ya zulia hilo, nawe unamfuata.

Kwa msimu huu tunapendekeza Mount Tecumseh, kutoka maegesho ya kituo cha kuteleza thelujini cha Waterville Valley. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 8, na unapanda takriban mita 670 hadi kilele cha mita 1,220 hivi. Miti imeuzunguka mlima hadi juu, hivyo upepo haukupigi kama kwenye vilele vilivyo wazi. Ila kumbuka hesabu hii: kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kama nyuzi 6. Ukiegesha gari kwenye nyuzi 2, kileleni ni chini ya sifuri. Matope ya chini huko juu ni barafu.

Nusu ya kwanza unapita kwenye miti ya majani mapana. Hapo adui ni majani yenyewe. Yameziba mifereji ya kutolea maji njiani, maji yanatambaa katikati ya njia, usiku yanaganda, kisha upepo unayafunika kwa majani mengine. Ukiona majani yamelala bapa na yanameta, yamegandishwa. Yale yaliyojikunja na kukauka hayana shida kubwa. Gonga kwa ncha ya fimbo kabla ya kukanyaga: udongo unameza ncha, barafu inairudisha kwa mlio mkavu. Mizizi iliyochubuka gome huteleza kama sabuni, hasa ile inayokatiza njia kwa mshazari. Usiikanyage, iruke, au weka mguu nyuma yake.

Juu zaidi inaanza misonobari. Jua halipenyi, na barafu iliyoganda wiki iliyopita bado ipo juu ya mawe ya ngazi. Hapa vaa spaiki, vile vyuma vyenye meno na minyororo vinavyovutwa juu ya buti. Vivae ukiwa bado umesimama pazuri. Wengi husubiri mpaka wameanza kuteleza, na hapo huna mahali pa kuinamia. Hata kama ulipanda bila spaiki, shuka nazo. Wakati wa kushuka miguu imechoka na uzito wote uko mbele, na ndipo watu huanguka.

Kamba ya mbwa usiifunge kiunoni wala kuizungusha mkononi. Mbwa wa kilo 25 akiruka kumfuata kindi wakati wewe uko juu ya ngazi yenye barafu, mnaanguka wote. Mfundishe mapema amri ya kukaa nyuma yako wakati wa kushuka. Mvishe mkanda wa kifuani wenye mpini mgongoni ili umsaidie kwenye mawe marefu. Na usimwache huru: nungunungu wapo, na miiba yao ina vijimeno vinavyoizamisha zaidi. Akichomwa, usiikate miiba. Teremka umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Novemba pia ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Wewe na mbwa mvae rangi ya chungwa inayong'aa, yeye hasa, maana mbwa wa kahawia kichakani anafanana mno na kulungu.

Saa ndizo zinazowaponza wengi. Saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, jua linazama karibu saa 10 na nusu jioni au mapema zaidi kwa saa zetu, 4:30 kwenye simu. Msituni giza hutangulia. Anza saa 3 asubuhi, tenga saa 5 nzima, na ikifika saa 7 mchana geuka popote ulipo, hata kama kilele umekiona. Tochi ya kichwani ni lazima, na betri ya akiba. Simu iweke mfuko wa ndani, kwani baridi huua chaji. Ramani ipakue nyumbani.

Nguo za pamba ziache. Zikilowa jasho hazikauki, nawe unaanza kutetemeka mara ukisimama. Vaa sufu au nailoni. Mbwa mbebee lita 1 ya maji na chakula chake mwenyewe. Zabibu kavu na chokoleti ni sumu kwake. Nywele kati ya vidole vyake zipunguze kabla ya safari, la sivyo theluji hujiviringa humo ikawa vigololi vya barafu. Akianza kuinua mguu mmoja mmoja au kujilamba, simama, viyeyushe kwa kiganja chako, usiving'oe.

Ukirudi garini mfute, kisha mpapase kupe: masikioni, makwapani, kati ya vidole. Watu hudhani baridi imewamaliza, kumbe kupe waliokomaa wanaosambaza ugonjwa wa Lyme huwa wengi Oktoba na Novemba. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta wima polepole. Mafuta ya taa na kiberiti usitumie. Halafu jikague na wewe, kuanzia nyuma ya magoti.