Ukitajiwa ada ya wageni Kisumu, anzia hapa

Mdogo wangu uliyemaliza kidato cha sita Musoma, Tarime au Bunda na unataka kusoma Kisumu au Maseno, nisikilize kabla hujapanda basi la Sirari.

Anza na vyeti, maana hapo ndipo nilipokwama mimi. Karani wa udahili aliweka kidole kwenye "pointi 9" za matokeo yangu, akatikisa kichwa, akasema sijafikia kiwango. Kenya A ni pointi 12, kwa hiyo pointi zikipungua wanajua umefeli. Kwetu A ni pointi 1, na 9 kwa masomo matatu ya tahasusi ni Divisheni ya Kwanza. Nilimweleza hadi sauti ikakauka, wapi! Nilipoteza mwaka mzima kwa sababu ya kidole kile.

Wewe usiende na cheti kitupu, nenda na barua ya ulinganishaji wa vyeti. Kazi hiyo kisheria ni ya KNQA, mamlaka ya Kenya ya kutambua sifa za masomo, lakini kwanza kiandikie chuo kikuambie kinapokea barua ya nani, na jibu lao ulitunze. Ukishapata barua ya udahili, omba pasi ya mwanafunzi Uhamiaji ya Kenya mapema, usisubiri muhula ufunguliwe.

Sasa ada. Karatasi niliyopewa ilikuwa na safu mbili: Wakenya kwa shilingi, wageni kwa dola. Usisaini siku hiyo. Uliza kwa upole, "Samahani, mwanafunzi wa Afrika Mashariki yuko safu ipi?" Vyuo havifanani, vingine vinatutoza sawa na wenyeji, ila karani wa zamu huenda asijue. Akikuweka kwa wageni, mwandikie msajili barua ya ukurasa mmoja. Taja Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo kifungu chake cha 7 kinakataza kumbagua raia wa nchi mwanachama kwa uraia wake. Taja pia kwamba mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Malizia kwa kuomba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinampa haki hiyo mtu yeyote aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala.

Peleka nakala mbili masjala. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wenye tarehe. Usiondoke bila mhuri! Barua yangu ya kwanza niliiacha mezani kwa mtu, na wiki tatu baadaye hakuna aliyekumbuka kuiona.

Barua hiyo hiyo inamfaa Mrundi, na Mkongo wa DRC pia, kwani nchi yake iliingia Jumuiya mwaka 2022. Rafiki yangu Mwethiopia hana Itifaki, maana nchi yake haimo kwenye Jumuiya, lakini kifungu cha 27 cha Katiba kinaanza na "kila mtu", hakisemi kila raia. Aanzie hapo.

Usipoteze nguvu kugombania mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Kenya, au nafasi za KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo vya huko. Hizo zimewekwa kwa raia wa Kenya, na kuzidai kutadhoofisha dai lako la kweli. Mimi napigania kipimo kimoja cha vyeti, na ada isiyopandishwa kwa sababu ya pasipoti.

Wakikaa kimya, chukua nakala yenye mhuri uende Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma; ina tawi hapa Kisumu, na kulalamika ni bure. Eleza kwa tarehe: nilipeleka lini, nani alipokea, nimejibiwa nini. Mimi sikufika huko. Siku ya kumi na moja baada ya barua ya pili msajili aliniita, akasoma nakala yangu akiwa amesimama, akamwambia karani achape karatasi nyingine. Ilikuwa na safu moja, kwa shilingi.