Kompyuta ikinakili, wewe tembea

Kwa mwenzangu unayeshinda mezani hapa Lamu ukiingiza kumbukumbu kwenye kompyuta, ninakushauri uyaunganishe mambo mawili ambayo wengi wetu huyaahirisha, yaani kuhifadhi nakala ya kazi na kuunyoosha mwili. Mimi hutumia rsync, programu huria isiyolipiwa iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, ambayo hulinganisha mafaili ya kompyuta na yale yaliyomo katika diski ya nje, kisha ikanakili mapya na yaliyobadilika tu. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri ninaiamuru ianze, na papo hapo ninainuka kitini.

Ninashuka ngazi, ninapita vichochoroni nikiwapisha punda wenye mizigo ya mchanga, mpaka usita wa pwani, kisha ninarudi kwa mwendo wa haraka. Dakika 15 mara mbili kwa siku, kwa siku 5 za kazi, ni dakika 150, ambacho ndicho kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani kwa wiki ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima. Mgongo wangu, uliokuwa ukikaza kila jioni, umepata nafuu kubwa.

Nikirudi, ninafungua faili moja kutoka kwenye diski ili nihakikishe kwamba linasomeka, kisha ninaitia diski ndani ya kopo lenye mfuniko unaokaza, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula vyuma upesi.